Bodi ya BASIC iliyonifungia nje ya programu yangu mwenyewe

Kama unatafuta bodi ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja ya kuendeshea vifaa, ya kuandikia programu kwa lugha ya BASIC, weka kando kwanza habari za kasi na idadi ya pini. Uliza hivi: hiyo BASIC inakaa wapi? Ndani ya chipu, au kwenye kompyuta, chini ya leseni ya aliyekuuzia? Matangazo hayalijibu swali hilo, na ndilo lililonichoma.

Bodi yangu iliendesha mashine ya kutotolesha vifaranga. Ilisoma kipimajoto, ikawasha na kuzima hita, nyuzi 37.5 usiku na mchana, na kwa muda mrefu sikuwa na neno nayo. Mayai ya kuku huchukua siku 21, na zile za mwisho mimi hushusha joto kidogo, maana vifaranga ndani ya maganda huwa vimeanza kutoa joto lao wenyewe. Kazi yenyewe ni kubadilisha namba moja. Namba moja tu!

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imekufa. Nikaweka kompaila, ile programu inayogeuza BASIC kuwa lugha ya mashine, kwenye mpya, ikaikataa leseni niliyoilipia kwa fedha yangu, eti imefungwa kwa mashine ya kwanza. Toleo la bure lina kikomo cha ukubwa wa programu, na yangu inakipita. Kuirudisha programu yangu kutoka kwenye bodi haiwezekani, kwa sababu kompaila ikishamaliza kazi, kinachobaki ndani ya chipu ni lugha ya mashine. Mistari ya BASIC uliyoiandika haimo tena. Nina faili langu, nina bodi nzima, nina kebo, na siwezi kugusa namba moja. Na mayai hayangoji.

Nikawaandikia huduma kwa wateja ya walioniuzia, kwa adabu, na risiti nikaambatisha. Jibu lilikuja fupi: BASIC ni lugha ya watoto wanaojifunza, tunakushauri uhamie lugha ya C. Habari ya leseni, kimya. Nani aliwaomba ushauri wa lugha? John Kemeny na Thomas Kurtz waliitunga BASIC pale Dartmouth, Marekani, na ikaanza kutumika mwaka 1964, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi wala hesabu waweze kuitumia kompyuta. Ni jambo la heshima kubwa. Wewe unauza bidhaa yenye neno BASIC kwenye boksi, kisha unamdharau mteja kwa kuinunua?

Nitende haki lakini. Programu iliyopita kwenye kompaila inakimbia kweli. BASIC Stamp 2, bodi nyingine ya BASIC, ambayo husoma programu kwa kitafsiri kilichomo ndani yake, yaani agizo moja moja inapoendelea, hufanya maagizo takriban 4,000 kwa sekunde. Kwa kipimajoto hiyo ni nyingi kupita kiasi, ila kwa kuhesabu mapigo ya umeme ya kasi kompaila inaiacha mbali. Mwenye kazi ya namna hiyo anaweza kununua bodi kama yangu, mradi asome masharti ya leseni kabla ya kulipa. Bodi yenyewe haijawahi kuniangusha. Au hapana, nafuta niliyosema. Nikilikumbuka lile jibu, asinunue.

Na msidhani kitafsiri ndani ya chipu kinamaliza tatizo. BASIC Stamp na PICAXE, chipu nyingine ya BASIC, zote zinacho, lakini unaandikia kwenye kompyuta, na kinachopelekwa kwenye bodi ni tokeni, alama fupi za maagizo, si maandishi yako. Bado unaihitaji programu yao ya kuandikia.

Iliyonituliza moyo ni MMBasic, BASIC inayokaa nzima ndani ya chipu, kazi iliyoanzishwa na Geoff Graham wa Australia kwa kompyuta yake ndogo ya Maximite mwaka 2011. Toleo liitwalo PicoMite linakaa kwenye bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico. Unabonyeza kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka kebo, unadondosha faili moja la PicoMite, basi. Baada ya hapo fungua terminali yoyote, programu ya kuzungumza na bodi kwa maandishi, kwenye kompyuta yoyote, andika LIST, na programu yako yote hiyo hapo, imetoka ndani ya bodi yenyewe. EDIT, badilisha namba, hifadhi, RUN. Hakuna leseni ya kuomba wala mtu wa kukuuliza kwa nini hujui C. Kipimajoto cha DS18B20 kinasomwa kwa TEMPR, neno moja la lugha hiyohiyo, na OPTION AUTORUN ON inaiwasha programu yenyewe umeme ukikatika na kurudi. Nilipoiona ile LIST nilipiga kelele kwa furaha.

Anayehama kutoka bodi ya volti 5 aangalie nyaya zake kabla ya kuunganisha: pini za Pico ni za volti 3.3, usizipelekee 5. Rilei yangu ya zamani, swichi ya umeme inayowasha hita, ilihitaji transista katikati ndipo ikatii.