Uzoefu wangu: shimo la kuotea moto uani, Njombe

Anayeijua baridi ya Njombe ya Juni na Julai haniulizi kwa nini nilitaka moto uani. Zamani tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa sebuleni na kufunga madirisha. Nimeacha kabisa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukushtua, na watu hulala wasiamke.

Fundi wa kwanza ni hodari wa kuta, hilo simnyimi. Alichimba shimo, akaleta mawe ya mtoni, mviringo na laini, akayafunga kwa saruji. Lilipendeza mno. Jioni ya tatu tumekaa na mama na watoto, tukasikia mlio kama wa baruti. Jiwe limepasuka, na kipande cha ukubwa wa kasha la kiberiti kikatua kwenye khanga ya mama, bado cha moto. Nilizima moto ule kwa ndoo mbili, mikono ikitetemeka. Jiwe la mtoni lina maji ndani yake. Likipashwa moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, jiwe linalipuka. Saruji nayo ilikuwa imeshaanza kupukutika.

Fundi wa pili ni mzee wa makamo ya baba yangu. Alitazama, akasema, "Mwanangu, moto na saruji havikai pamoja. Katafute udongo wa kichuguu." Akabomoa vyote. Alichimba sentimita 30, chini akamwaga kokoto ili maji yanywewe na ardhi. Ndani akazungusha matofali ya kuchoma, kipenyo sentimita 90, akiyaunga kwa ule udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga kidogo. Nje ndipo akapanga mawe makavu ya mlimani, yasiyoguswa na moto moja kwa moja. Chini, upande upepo unakotokea, aliacha matundu mawili ya hewa. Matundu hayo ndiyo yamepunguza moshi kuliko kitu kingine chochote.

Matofali yalifika kama 100, mawe kirikuu moja (kile kigari kidogo cha mizigo), kazi siku mbili. Kisha mzee akanikataza kuwasha kwa wiki mbili, na baada ya hapo nianze na vijiti tu, siku tatu mfululizo. Nilitii. Hakuna ufa hadi leo, msimu wa pili huu.

Ukijenga, kaa mbali na paa na mti wowote. Sisi tumeacha hatua kumi. Kuni za miwati zilizokauka zinawaka vizuri na makaa yake yanadumu. Za msonobari hatutumii, utomvu wake unarusha cheche. Viazi tunavifukia kwenye majivu ya moto pembeni, ganda linakuwa jeusi, ndani unga mtupu.

Kasoro niliyoiona ni moja: masika maji yanaingia na udongo unalainika juu. Nimekata bati kuukuu, nafunika kila tukimaliza, na mwezi Mei mzee anakuja kupiga lipu upya pale palipoliwa.