Karakana ya Baiskeli Mtwara Iliyotibu Kifaa Changu

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na jioni huendesha baiskeli kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, umbali wa kilomita 10 hivi. Nimejiundia kifaa kidogo cha kupima mwendo: sumaku imefungwa kwenye spoki, na kihisi kilichowekwa kwenye uma wa mbele huhesabu kila mzunguko wa gurudumu la inchi 26, ambao ni takribani mita 2.07. Kwa wiki mbili kifaa kiliruka hesabu, nami nikapekua programu mstari kwa mstari bila kuona kosa.

Fundi wa karakana ninayoisifu hapa alilitikisa gurudumu mara moja tu. “Mwanangu, habu imelegea; sumaku yako mara inasogea karibu na kihisi, mara inakimbia,” aliniambia. Alifungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, akabadilisha gololi zilizoliwa na kutu (hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma na chuma), akapaka grisi mpya, kisha akanyoosha ringi kwa kukaza spoki mojamoja huku akitazama nafasi iliyopo kati yake na breki. Uvumilivu huo nimeuona kwa mafundi wachache sana.

Nililipa shilingi 12,000. Vipuri vya gia ni haba, na cheni niliisubiri siku nne. Hata hivyo, sasa safari ya Mikindani huhesabiwa mizunguko inayokaribia 4,800, jioni baada ya jioni.