Webley Mk VI iliyokerezwa silinda: nimeiacha dukani na hasira haijaisha

Pochi nilishaitoa. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nilikwenda kuchezea vitu vya watu. Hela nilikuwa nimeitenga, kazini nimeomba saa mbili, na kitambulisho kiko juu ya kaunta kikisubiri fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha dukani, kwa sababu hapa Marekani silaha iliyotengenezwa baada ya 1898 haihesabiwi kuwa ya kale kisheria, lazima uchunguzwe kama unayenunua bastola mpya. Nikatoka mikono mitupu. Majuma kadhaa yamepita, na kila nikikumbuka kifua kinajaa upya.

Kitu chenyewe ni Webley Mk VI, ile rivolva kubwa ya jeshi la Uingereza iliyoanza kutumika 1915. Sifa zake sitazirudia, zimejaa kila mahali. Nitasema tu kwa nini mimi naitaka. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa King's African Rifles na alifika Burma. Yeye bastola hakupewa, alibeba bunduki kama wenzake, lakini kila akisimulia vita alirudi kwenye bastola ya afande wake. Alikuwa akituonyesha kwa bua la mtama: afande anaivunja katikati kama muhogo, maganda yote sita yanaruka kwa mpigo mmoja, anajaza upya, anaifunga. Sisi wajukuu tukagombania mabua. Baadaye nilipoanza kusoma mambo haya nikagundua kwamba huenda ya afande ilikuwa Enfield, rivolva yenye risasi ndogo zaidi ya .38, maana hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya Mk VI kuanzia 1932, ingawa Mk VI nyingi ziliendelea kubebwa hata katika vita vya pili. Iwe ile iwe hii, zote zinavunjika katikati, na mimi picha iliyonikaa kichwani ni ya Webley.

Basi nikaiona kwenye kabati la kioo, duka moja la silaha mji ninaoishi, huku Texas. Mwaka uliogongwa kwenye fremu ni 1917. Rangi imefifia vizuri, kufifia kwa mkono na mkoba, si kwa kutu. Juu yake kuna ile mishale miwili inayogusana ncha, alama kwamba serikali imeiachia iuzwe. Nikaomba kuishika. Jamani! Uzito wake ni kitu kingine. Nikaivunja taratibu, nikatazama ndani ya mtutu, michirizi bado imesimama. Bawaba haichezi. Komeo linafunga kwa sauti nzito ya chuma kizima. Moyoni nilishalipa.

Ndipo nikaona namba ya kwenye silinda imeliwa nusu.

Anayezijua hizi ameshaelewa. Baada ya vita vya pili Marekani iliingiza Webley nyingi za bei ya chini, zikauzwa hadi kwa posta, mpaka sheria ya 1968 ilipofunga milango hiyo. Shida ikawa chakula chake. Risasi yake ya asili, .455, ilikuwa adimu huku, wakati .45 ACP ilikuwa tele, ndiyo risasi ya jeshi lao. Wakakereza sehemu ya nyuma ya silinda, ikapungua kidogo tu, ili .45 ACP iingie ikiwa imebanwa kwenye vibati vyembamba vyenye umbo la nusu mwezi, vitatu huku na vitatu kule, vile vile walivyobuni kwa rivolva zao za kijeshi za M1917. Kazi ya dakika chache kwenye mashine. Ila .455 yenyewe haikai tena sawasawa humo, labda upate silinda nyingine, na kuipata na kuioanisha na bastola hiyo ni msiba mwingine.

Hilo pekee lisingenikimbiza. Nilikuwa na swali moja, nikamwuliza kijana wa kaunta kwa heshima zote: tangu ikerezwe, imekuwa ikilishwa nini? Kwa sababu hapo ndipo penye kifo cha bastola hizi. .45 ACP ya kiwandani inaruhusiwa kufika presha ya psi 21,000 (ratili kwa inchi ya mraba), na Webley haikujengewa presha hiyo. Ilijengewa .455, risasi nzito inayokwenda polepole. Kuingia kwenye tundu si kukubaliana na chuma. Ukiendelea kuipiga ACP, komeo linalegea, fremu inavutika, na siku moja silinda inapasuka karibu na uso wako.

Hakunijibu. Aliinama chini ya kaunta, akaibuka na boksi la ACP ya kawaida na vibati viwili, akaviweka mbele yangu. "Piga hizi, ndugu yangu, ndiyo maana ilichongwa." Nikamwambia hapana, na nikamweleza kuhusu presha kama nilivyoeleza hapa. Akatazama mwenzake, wakacheka. Akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu, Kenya. "Si kwenu kila mtoto ana AK? Ya nini kujisumbua na hii ya makumbusho?"

Sikupata neno. Mpaka leo majibu yananijia nikiwa naendesha gari, na yote ni mazuri, na yote yamechelewa. Ningemwambia babu yangu alivuka bahari akapigana upande wa jeshi lililobeba bastola hiyo hiyo, akarudi kijijini na malaria na medali. Ningemwambia mtoto wa kwetu haijui AK, anajua jembe na kitabu. Nilisimama tu.

Halafu akafanya lile ambalo kwangu lilikuwa baya kuliko tusi. Aliichukua Webley mkononi mwangu, ikiwa bado wazi, akaifunga kwa kuipiga mtikiso wa kiganja, kama wanavyofanya kwenye sinema. Kwaa! Mtutu mzima ule, na silinda juu yake, unabamizwa kwenye komeo lililofanya kazi zaidi ya miaka mia moja. Akarudia. Kwaa! Anacheka. Nilihisi kama mtu anampiga mzee makofi mbele yangu. Nikachukua kitambulisho, nikaondoka.

Kwa hiyo duka halipati hata nyota moja kutoka kwangu. Na siku hiyo usiku niliandika hukumu kali kuliko hiyo: msinunue Webley iliyokerezwa, popote, kwa mtu yeyote, kwa bei yoyote, zote zimeshauawa. Niliyaamini maneno hayo wakati nayaandika. Leo nayafuta, na nitasema kwa nini.

Nina jirani, mzee wa miaka sabini na kitu, anayejaza risasi zake mwenyewe gereji. Nilimpelekea hasira zangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifungulia kasha. Ndani mna Webley, Mk VI, iliyokerezwa vile vile. Ameipiga miaka mingi. Siri yake ni .45 Auto Rim, ganda lililotolewa 1920 kwa ajili ya zile M1917, lenye ukingo mnene unaojaza pengo lililokatwa, hata vile vibati havihitajiki. Analijaza baruti kidogo na vichwa vya risasi laini visivyo na koti la shaba, kwa kipimo cha ile .455 ya zamani. ACP ya kiwandani haijaingia humo tangu aimiliki. Alinipa nikapiga sita. Haikunirusha, ilinisukuma tu begani kama mtu anayekuamsha. Nikaivunja, maganda sita yakaruka kwa mpigo mmoja yakaanguka kwenye viatu vyangu, na sitaona aibu kusema macho yalinilenga machozi. Babu hakutia chumvi hata kidogo.

Mzee akanishika na swali: wewe umeikasirikia bastola au mtu? Nikanyamaza.

Basi nasema hivi kwa anayewaza kununua. Kama unataka kitu cha kukaa nacho kama akiba ya thamani, tafuta ambayo haijaguswa, utalipa zaidi lakini namba zake zitakuwa kamili, na .455 bado inatengenezwa, kiwanda cha risasi cha Fiocchi wanayo, ingawa bei yake inauma. Kama unataka kupiga, na wewe au mtu wako wa karibu anajaza risasi, iliyokerezwa inafaa sana, ili mradi bei ishuke kulingana na kidonda. Wale wa dukani waliitaka bei ya isiyoguswa, na hilo nalo linanikera. Kama hujazi risasi na huna wa kukujazia, iache. Usikubali boksi la ACP la mtu yeyote anayekuambia "ndiyo maana ilichongwa." Nalirudia kwa sababu kijana yule atamwambia hivyo hivyo mteja mwingine asiyejua, naye atalipa, atakwenda uwanjani na mwanawe.

Na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli: Alhamisi nilipita. Nilijiambia naenda duka la matairi la jirani. Bado ipo, rafu ile ile, mtutu umeelekea ukutani. Sijui kwaa ngapi zimeshapigwa tangu siku ile. Wazo hilo ndilo linaloninyima usingizi sasa, kuliko hata lile neno la AK. Ikibaki pale wataimaliza.

Nimemwomba mzee, Jumamosi tunakwenda wote na vipimo vyake, apime pengo la silinda na kuangalia fremu kwa lenzi. Ikiwa na ufa, tunaiaga. Ikiwa nzima na wakashusha bei, nitajaza ile fomu. Kama kijana yule ndiye yuko kaunta, nitangoja kwenye gari mpaka zamu yake iishe.