Buti nyepesi zisizopitisha maji: uzoefu wangu kwenye mawe ya Goma

Nianze na hukumu. Buti za kitambaa zenye utando wa kuzuia maji zinafaa sana kwa vilima vya Masisi, lakini kwenye njia za volkano ya Nyiragongo kinachoziua si maji, ni lava. Mawe yale yana makali kama tupa, na hula kitambaa cha ncha ya kiatu kabla hata soli haijaanza kuchoka. Kwa hiyo sinunui buti isiyo na ukanda wa mpira kuzunguka ncha yote, wenye kimo cha sentimita mbili angalau.

Kwa kiangazi, jozi ya gramu 900 hadi 1,100 inatosha. Nyepesi kuliko hapo, mara nyingi soli ni laini na kila jiwe unalisikia unyayoni. Kunja kiatu kwa mikono: kipinde penye vidole, kisipinde katikati.

Utando wa nini mwezi wa Julai? Goma iko kwenye mita kama 1,500, kilele cha Nyiragongo mita 3,470. Kule juu ukungu na mvua havijui kiangazi. Na katika malisho, umande wa asubuhi peke yake hulowesha soksi. Gharama yake ni jasho la mchana. Mvuke hupita kwenye utando polepole, na kitambaa cha nje kikishalowa karibu usitoke kabisa. Wengi hapo hudhani kiatu kinavuja. Mwagia maji kidogo juu: yasipojikusanya kuwa matone, dawa ya kufukuza maji iliyopakwa kitambaa cha nje imekwisha. Osha, kausha, pulizia nyingine.

Ukinunua mitumba mjini Goma, iwe Birere au soko la Virunga, kagua soli ya kati, ile sponji iliyo juu ya soli ya mpira, kabla ya kitu kingine. Ile ya poliurethani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevu hata kiatu kikikaa kabatini miaka bila kuvaliwa. Siku ya safari inamenyuka vipande vipande na soli inabaki njiani. Bonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Ukiona nyufa ndogo au unga, rudisha, hata kama juu kinang'aa. Kisha jaza kiatu karatasi kavu, kiweke ndani ya beseni la maji yasiyofika pale ulimi uliposhonwa na pande zake, usubiri dakika kumi. Karatasi itakuonyesha tundu liko wapi, kwa kawaida pale kiatu kinapokunjika.

Kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi za sufu. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo mteremko utakung'oa kucha.

Kukausha: karatasi ndani, kivulini. Ukikiweka kando ya mbabula, yaani jiko la makaa, gundi inaachia. Vumbi la lava lisugue kwa brashi na maji siku hiyo hiyo, hasa chini ya kamba, maana chembe zake hukwaruza kitambaa na utando kutoka ndani.