Ekzosi ya Bei Nafuu kwa Hilux ya 1994: Uzoefu Wangu wa Mbale, Kisekka na Katwe

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 1994 yenye injini ya dizeli ya 3L, ile ya sentimita za ujazo 2,779 isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na kazi yake ni kuteremsha kahawa na ndizi kutoka vilima vya Sironko hadi Mbale, mashariki mwa Uganda. Katika miaka minne nimeifunga ekzosi tatu, mbili kwa majuto na moja kwa kuridhika. Ninaandika haya kwa sababu kosa nililolifanya mara mbili ninawaona wenzangu wenye magari ya umri huo wakilifanya pia: tunauliza bei ya sailensa, yaani sehemu ya ekzosi inayopunguza kelele, kabla ya kuuliza imetengenezwa kwa bati gani.

Ekzosi iliyokuja na gari ilipoanza kuvuja, sikuona haraka ya kuishughulikia, kwani kelele pekee haikunisumbua. Kilichonishtua ni mke wangu kulalamika kichwa kila tulipofika mjini. Nililala chini ya gari nikakuta masizi meusi yametanda kwenye kiungo cha karibu na giaboksi, na raba inayoziba mguu wa gia ndani ya kabini ilikuwa imepasuka, kwa hiyo moshi ulikuwa ukipanda moja kwa moja hadi tulipokaa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ingawa dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, hakuna mtu mwenye akili timamu anayepaswa kuivuta kwa saa nzima akiwa amefunga vioo kwa sababu ya mvua. Raba niliibadilisha siku ileile. Ekzosi ndiyo iliyonipa safari ndefu.

Ya kwanza niliinunua Mbale ikiwa mpya, imepakwa rangi ya fedha inayong'aa, kwa shilingi 160,000. Ilikuwa nyepesi mno, na wepesi ule ungenitosha kuwa onyo kama ningejua. Kabla ya mwaka kwisha ilipasuka kwenye mshono, na nilipoikata nilikuta kutu imeila kutokea ndani. Dizeli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Sailensa ikiwa baridi mvuke huo hugeuka matone, huchanganyika na salfa iliyomo katika moshi na kuwa asidi, kisha hutuama mahali pa chini kabisa. Gari linalokwenda mbali hupata joto la kutosha kuyakausha maji hayo, lakini langu hupiga safari fupi na kuzimwa kila penye kituo cha kupakia. Bati jembamba halina muda wa kuhimili hali hiyo.

Ya pili niliipata Kampala, katika soko la spea la Kisekka, ikiwa imetumika Japani. Ilikaa vizuri kuliko zote, maana flenji, yaani bamba za kuungia paipu, zilikutana na bolti bila kulazimishwa. Hata hivyo, katika sehemu zenye theluji kule Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo huliandama chuma kwa miaka mingi. Haikumaliza miezi minane. Anayetaka ya namna hiyo aitikise kwanza: ikilia kama kibuyu chenye kokoto, vigawanyo vya ndani vimekwisha kumong'onyoka, hata kama ngozi ya nje imepakwa rangi mpya.

Ekzosi mpya kabisa ya kampuni niliiulizia, na bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa gari la umri huu. Ndipo nikaenda Katwe, palepale Kampala, kwa mafundi wa chuma. Wa kwanza alinionyesha paipu ya maji iliyopakwa zinki, akasema ndiyo ya bei rahisi. Nilikataa, kwa sababu zinki ikichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa, na sikutaka mtu augue kwa ajili ya gari langu. Wa pili alikuwa na paipu nyeusi ya inchi mbili, unene wa milimita 1.5, na huyo nikakaa naye siku nzima.

Jambo lililonivutia zaidi ni namna alivyopinda kona. Paipu ikipindwa kwa nguvu ikiwa tupu hujikunja, njia ya moshi ikawa nyembamba, na injini ikahema kwa shida hasa inapopanda mlima. Yeye aliijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, akaipasha moto hadi ikawa nyekundu, ndipo akaipinda taratibu bila kufinyika. Mchanga ukiwa na maji, alinieleza, mvuke unaweza kuilipua paipu. Kabla ya kuchomelea kwenye gari alichomoa waya wa betri ili kuilinda alteneta, akafunika paipu za breki na za mafuta. Flenji ya zamani, iliyokuwa bado nzima, aliikata na kuiunga kwenye paipu mpya, na gasketi akaweka mpya.

Nilitaka afunge mara moja nianze safari ya kurudi, lakini alinizuia. "Mzee, gari likibeba mzigo, difu inapanda. Tukiifunga likiwa tupu, ukipakia itagonga." Akawaita vijana sita wa gereji wakapanda nyuma na kurukaruka, na kweli paipu ilikuwa ikigusa ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma wenye difu. Aliisogeza takriban vidole viwili, akahakikisha haikaribii tairi la akiba wala mpira wa breki, kisha akazifunga raba zinazoining'iniza. Mwishoni tuliziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa kwa muda mfupi injini ikinguruma polepole, naye akasikiliza kila kiungo kama kinapuliza.

Nililipa shilingi 420,000 kwa kila kitu, kazi ikiwa ndani. Sasa misimu miwili ya mvua imepita. Harufu ya moshi ndani ya kabini imekwisha na mke wangu halalamiki tena. Matumizi ya mafuta hayakubadilika, na yeyote anayeahidi kwamba sailensa itapunguza dizeli katika injini kama hii simwamini. Mlio ni mzito kuliko wa awali, na sikupewa dhamana ya maandishi. Kosa langu moja ni kutomwambia atoboe tundu dogo chini ya sailensa ili maji yatoke. Nililitoboa baadaye Mbale, na asubuhi ya kwanza yalitoka maji meusi ya kujaza kikombe cha chai.