Kirikuu kilichonihamisha Mabatini

Miaka 19 nimekaa Mabatini, Mwanza, juu mlimani kabisa, gari halifiki. Kila kitu, kuanzia gunia la mkaa hadi jeneza la mama yangu, kilipita mabegani katikati ya mawe. Kwa hiyo nilipohama, nilichotafuta hasa ni wabebaji, dereva yeyote angefaa. Vijana watatu wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, walifika saa kumi na mbili asubuhi, mawe bado ya baridi. Friji waliifunga kwa kanga zangu mbili, mmoja akashuka kinyumenyume huku mwenzake akimhesabia ngazi kwa sauti. Ilifika bila hata mkwaruzo. Kioo cha kabati kilipasuka kona. Wakapunguza elfu kumi kabla sijafungua mdomo. Nililipa 70,000 kwa safari mbili hadi Buswelu, na sikuona ghali.

Ila nawasifu zaidi kwa jambo jingine. Nilikaa kwenye jiwe la mlangoni, nilipozoea kuanika dagaa, nikitazama kile kipande cha ziwa. Kijana akaja kuniita, akakuta nalia. Akasema tu, “Usiharakishe, mama, tupo,” akashuka kuwangoja wenzake.

Buswelu gari liliingia mpaka mlangoni. Ziwa silioni.