Kisanduku cha tanpura kwa mpiga gitaa la stili: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Ukiondoa gitaa lenyewe na chuma cha kutelezeshea, sijanunua kitu kilichonifaa kwenye gitaa la stili kuliko kisanduku cha tanpura cha kielektroniki, kitu kilichotengenezwa India kwa ajili ya waimbaji wa huko wala si kwa mtu anayepiga kantri Nairobi. Nilikipata kikiwa kimeshatumika, shilingi elfu saba, kutoka kwa mama mmoja wa Parklands aliyekuwa akifundishia watoto kuimba bhajan, nyimbo za ibada za Kihindu. Maandishi ya mbele yamefutika kwa kushikwashikwa, hata chapa haisomeki.

Kazi yake ni moja tu, kutoa mlio usiokatika. Tanpura halisi ni chombo kirefu cha nyuzi nne ambacho hupigwa nyuma ya mwimbaji, kikirudia nota zilezile toka wimbo unaanza hadi unaisha: mara nyingi so, do, do, kisha do ya chini. Kisanduku kinaiga hayo. Kina kifundo cha sauti, cha kasi, cha kuchagua ufunguo, kingine kidogo cha kupandisha au kushusha ufunguo huo taratibu, na swichi ya kuugeuza uzi wa kwanza uwe fa badala ya so. Basi. Hakina skrini, hakina taa ya kukwambia umepatia au umekosea.

Kwa asiyelijua gitaa lenyewe: stili hulazwa mapajani, nyuzi zikiwa zimeinuka juu kiasi kwamba hazigusi ubao. Mkono wa kushoto haukandamizi chochote. Unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na freti, ambazo kwenye gitaa la kawaida ni vyuma vya kugawa nota, hapa ni mistari iliyochorwa tu kukuonyesha njia. Mbinu hii ilitoka Hawaii, na sifa ya kuianzisha hupewa Joseph Kekuku wa Laie, kisiwa cha Oahu, alipokuwa bado kijana wa shule mwishoni mwa karne ya 19. Utamu wake wote uko kwenye kuteleza. Shida yake pia iko hapohapo, maana gitaa la kawaida lina freti za kukushikia nota, ila hapa hakuna anayekushikia kitu. Mpiga fidla wa taarab ananielewa.

Nilikuwa nikitegemea tyuna, kifaa chenye taa cha kupimia nota, ile ya kubana kwenye kichwa cha gitaa. Si kwamba ni mbovu. Inakwambia uzi mmoja ukiwa peke yake uko wapi, na kwa kutuni nyuzi wazi kabla ya onyesho siiachi nyumbani. Lakini ukianza kupiga, macho yanabaki kwenye taa, sikio linalala. Halafu kuna jambo jingine ambalo tyuna haiwezi kulisema kwa sababu ndivyo ilivyopangwa: mi yake si mi ambayo sikio linaitaka.

Waliokulia kwaya watanielewa haraka. Kwaya isiyo na kinanda ikishika do, mi, so na ikatulia, ile mi hushuka kidogo yenyewe bila mwalimu kusema lolote, na ndipo sauti zinapofungana. Weka do kwenye hertzi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde. Mi safi juu yake ni 275, yaani uwiano wa 5 kwa 4. Mi ya kinanda, ambayo ndiyo ya tyuna, ni 277 na ushei. Kwa namba tofauti ni ndogo. Kwa sikio, sauti za juu zilizomo ndani ya do na ndani ya mi hiyo ya kinanda zinagongana karibu mara 9 kwa sekunde, na huo ndio ule ukakasi unaousikia kwenye stili hata taa ikiwa ya kijani. So haina matatizo hayo; ya kinanda na ile safi zinaachana kwa senti 2 tu, pale nusu toni moja, yaani hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, inapohesabiwa kuwa senti 100. Mi inaachana kwa senti 14.

Sasa senti 14 ni umbali gani kwa mkono? Nilikaa nikapiga hesabu kwa gitaa langu, ambalo urefu wa uzi ni inchi 22 na nusu, kama sentimita 57. Kwenye mstari wa 12, nusu toni nzima ni milimita 17 hivi, kwa hiyo senti moja ni kama sehemu ya sita ya milimita, na zile 14 ni milimita mbili na kidogo. Kwenye mstari wa 5 ni zaidi ya milimita tatu. Chuma changu kina unene wa milimita 19. Kwa maneno mengine, kukisogeza nyuma kwa kiasi kisichoonekana na aliyekaa mbele yako ndiko kunakotenganisha mi inayolia na mi inayokwaruza. Macho hayawezi kuifanya kazi hiyo, hasa kwa vile unautazama mstari kwa pembeni ukiwa umekaa, na kila ukiinamisha kichwa mstari nao unaonekana umehama.

Hapo ndipo kisanduku kinapoingia. Nakiwasha kwenye ufunguo ninaotaka, nateremsha kasi hadi mwisho ili ule mpigo wa nyuzi usinivute, kisha naanza chini ya do, nusu toni nzima chini, na kupanda polepole mno. Kwanza kunasikika vurugu. Ukikaribia, sauti mbili zinaanza kutikisana, wa-wa-wa-wa, kisha waa, waa, kisha waaaa, halafu kimya cha aina yake: gitaa linapotelea ndani ya tanpura, hujui tena lipi ni lipi. Ukipita kidogo tu, mtikisiko unarudi. Hakuna mwalimu anayeweza kukueleza hilo kwa mdomo, na ukishalisikia mara moja huwezi tena kujidanganya.

Baada ya do ninaenda so, halafu mi, na mi ndiyo ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote. Fa naiwekea swichi ile ya pili, kwa sababu fa ikikutana na so inayolia bila kukoma ni ugomvi ambao haumfundishi mtu lolote. La hufuata. Re na ti zinahitaji sikio lililochangamka zaidi. Mimi bado huziimba kwa mdomo kwanza ndipo nizitafute kwa chuma.

Wanaosema tanpura na stili ni ndoa ya kulazimishwa hawajafuatilia. Gitaa la Hawaii lilifika India zamani. Tau Moe, mwanamuziki kutoka Hawaii, aliishi Calcutta miaka ya 1940 akipiga na kufundisha. Baadaye Brij Bhushan Kabra akapigia raga, muziki wa jadi wa India, gitaa hilohilo, kisha wakaja Vishwa Mohan Bhatt na Debashish Bhattacharya. Bhatt alipata Grammy mwaka 1994 kwa albamu aliyorekodi na Ry Cooder, mpiga gitaa Mmarekani. Hao watatu wa raga wameteleza juu ya tanpura, kwa hiyo nilichofanya mimi ni kuazima zana kutoka kwa watu walioitumia kwa kazi hiihii.

Kwa nini tanpura, na si mlio wowote ule? Nimejaribu programu za simu zinazotoa mlio mmoja laini kama filimbi. Zinafanya kazi kwa do na pengine so, lakini kwenye mi unababaika, kwa sababu mlio wa namna hiyo hauna kitu ndani yake cha kushikilia. Tanpura ina daraja pana lenye kipande kidogo cha uzi wa pamba chini ya kila waya, na hicho ndicho kinachoufanya waya uvume na kumwaga sauti za juu nyingi. Miongoni mwa hizo mi ipo, oktava mbili na ushei juu ya do. Ukitulia unaisikia kabla hujaigusa. Kazi ya chuma inakuwa kuifuata, si kuibuni.

Kuna zoezi moja ambalo ningelipendekeza hata kwa mtu asiyepiga stili. Piga kifungu cha melodia juu ya tanpura, na katikati ya kifungu zungusha kifundo cha sauti hadi sifuri huku ukiendelea kupiga. Maliza kifungu kwenye do, ishike, halafu rudisha sauti taratibu. Hapo utajua kama ulikuwa unaimba mwenyewe au ulikuwa unaegemea. Kwenye vifungu vyenye kuruka mbali, kwa mfano kutoka mstari wa 3 hadi wa 10, majibu yanaweza kukuharibia jioni.

Kwenye mtetemo nao, yaani ile kutikisa chuma mbele na nyuma ili nota iimbe, kisanduku hakina huruma. Wapigaji wengi, bendi yetu ikiwemo, hutikisa chuma mapema kwa sababu mtetemo unaficha mahali ulipotua. Juu ya droni, yaani ule mlio usiokatika, unausikia mtetemo uliolalia upande mmoja, unapanda juu ya nota bila kushuka chini yake, na unachosha. Dawa niliyoizoea ni kutua kwanza, kungoja mtikisiko ufe, ndipo nitikise.

Chuma cha mshazari ni habari ndefu. Unakiinamisha ili uzi mmoja usomwe mstari wa 7 na mwingine wa 8 kwa pamoja, na pembe hiyo hubadilika kadiri unavyopanda kwa sababu mistari inabanana. Bila droni nilikuwa nasikia tu kwamba kuna kitu kibaya. Kwa droni napiga uzi wa kwanza peke yake, kisha wa pili, kisha zote, na mwenye kosa anajulikana palepale.

Upande wa pili sasa. Tanpura inajaza kila pengo, na hilo ni baya kwa mkono wa kulia. Nusu ya ufundi wa stili ni kuzima nyuzi: kiganja kinalala juu yake kati ya nota na nota, na vidole viwili vya kushoto vinaburutwa nyuma ya chuma ili sehemu isiyotumika isilie. Mbele ya mvumo wa tanpura uchafu wote huo haujulikani. Nilipokuwa nikirekodi bila kisanduku ndipo niliposikia mikia ya nota ikining'inia kila mahali. Kwa hiyo mazoezi ya kuzima nyuzi nayafanya kavu kabisa, na metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kama inahitajika.

Pia usiende na mi yako safi kwenye bendi yenye kinanda ukidhani utapongezwa. Kinanda kimeshaamua mi iko wapi na hakishuki. Ukiiteremsha kwa zile senti 14 huku mpiga kinanda ameshika kodi nzima, yaani nota kadhaa kwa pamoja, utaonekana wewe ndiye uliye chini. Mimi kwenye jukwaa hufuata kinanda, na ninaposindikiza sauti ya mwimbaji na gitaa la besi tu hurudi kwenye mi safi. Ukisharekebisha sikio nyumbani unaweza kuchagua. Kwa tuni yangu, C6, yenye do, mi, so na la pamoja, mjadala huo unaendelea hata kwenye nyuzi wazi: ukishusha mi lazima na la uishushe ili hizo mbili zisiachane, na ukifika hapo umeshajitenga na kinanda kwa nota zote mbili.

Malalamiko juu ya kisanduku chenyewe yapo. Ufunguo wake huhama kikipata joto, kwa hiyo nakiwasha mapema, nakiacha dakika kadhaa, ndipo nakilinganisha na tyuna. Kifundo cha sauti kinakwaruza. Spika ni ndogo, na do ya chini inasikika kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Nikichomeka amplifaya ya gitaa inakuwa chombo kingine kabisa. Adapta yake inapata moto kuliko ninavyopenda. Kwa bahati nzuri kinatumia betri pia, na mtaa wetu stima ikipotea ndipo huwa nafanya mazoezi mazuri zaidi, maana hakuna kingine cha kufanya. Jirani wa chini ameshaniuliza kama tumeanzisha ibada.

Je, nawe ununue? Kama unapiga stili, fidla au hata besi isiyo na freti, ndiyo, ila si lazima uanze na kisanduku. Zipo programu za tanpura za simu zinazochagua ufunguo wowote, hazihami kwa joto, na baadhi ni za bure. Spika ya simu ndiyo haifai, kwa sababu haina uwezo wa kutoa do ya chini na utabaki ukisikia majani bila shina. Iunganishe na spika ya nje. Hata ya bluetooth inatosha: ule ucheleweshaji wake, unaoudhi ukijaribu kupiga gitaa juu ya wimbo, hapa haugusi kitu, maana mlio wenyewe hauna mwanzo wa kuchelewa.